Msimu kwanza, hesabu baadaye: ushauri kwa wanaopima wadudu wa vijito vya Amani

Vijana wanaojitolea kupima afya ya mito kwa kuhesabu wadudu wake huniuliza mara kwa mara ni mwezi gani unaofaa kwenda kijitoni. Baada ya miaka mingi ya kufuata vijito vinavyotoka katika misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na kuingia mto Sigi unaolipatia maji jiji la Tanga, nimefikia imani kwamba mwezi wowote unafaa, ili mradi usilinganishe hesabu ya Februari na ya Mei kana kwamba kijito kilikuwa katika hali ile ile.

Januari na Februari, mvua zinapopungua, maji hutulia na kuwa maangavu, majani yaliyoanguka hurundikana kwenye vidimbwi, na wadudu waliokuwa wametawanyika hubanana katika eneo dogo. Geuza jiwe la kwenye maji yaendayo kasi ulitazame kabla halijakauka: utaona mabuu bapa wenye mikia mitatu wakiteleza upesi kuelekea upande wa kivuli, na karibu yao vijumba vidogo vya chembe za mchanga zilizogandishwa kwa uzi wa hariri, kila kimoja kikiwa na buu ndani yake. Wingi huo unaweza kukudanganya, kwa maana kijito hakikuzalisha wadudu zaidi, bali kimepungua maji.

Masika yakiingia, kuanzia Machi hadi Mei, mafuriko huyabingirisha mawe na kuwasomba mabuu kuelekea mabondeni. Anayepima siku mbili baada ya gharika atapata sinia karibu tupu na huenda akaandika kwamba mto umechafuliwa, ilhali uhai wake unarudi kwa njia tatu: wadudu waliojificha chini ya changarawe hupanda tena, wengine huteremka na maji kutoka juu, na wale wenye mabawa hurejea kutaga mayai. Mabuu wa inzi weusi wadogo, ambao baadhi yao hueneza ugonjwa wa usubi, ni miongoni mwa wanaowahi kushika mawe yaliyosafishwa na mkondo. Kwa hiyo nashauri usubiri wiki kadhaa baada ya mafuriko makubwa, na ukiona maji bado yana rangi ya udongo, ahirisha. Hilo ni suala la usalama pia, kwani vijito vya milimani hujaa ghafla hata pale uliposimama pasiponyesha.

Msituni mambo huenda kinyume. Wakati wa ukavu majongoo hujichimbia chini ya magogo na konokono huziba mlango wa kombe kwa utando wa ute, hata ukadhani hawapo. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi huruka na sakafu yote ya msitu huamka. Ndiyo maana sikubali orodha ya viumbe wa msitu iliyokusanywa katika ziara moja ya kiangazi.

Kwa wanaotumia TARISS, yaani mfumo wa Tanzania wa kutoa alama kwa familia za wadudu wa mtoni, kubwa zaidi kwa zile zisizohimili uchafuzi, uliotokana na SASS, mfumo kama huo wa Afrika Kusini, naomba watazame zaidi wastani wa alama kwa familia kuliko jumla yake. Jumla hupanda na kushuka kwa urahisi kadiri familia zinavyopatikana au kukosekana, lakini wastani huyumba kidogo zaidi, hivyo ukianguka msimu ule ule kwa miaka mfululizo, una sababu ya kufuata kijito kuelekea chanzo chake kutafuta shamba lililolimwa hadi ukingoni au mahali watu wanapochimba dhahabu.

Pata kibali cha hifadhi kabla ya kuingia, na usikamate kereng'ende kwa ajili ya kumbukumbu tu: Amanipodagrion gilliesi, mwenye asili ya milima hii, yumo hatarini kabisa kutoweka, na picha inatosha. Andika tarehe, kina cha maji, rangi yake na mvua ya mwisho ilinyesha lini, tena kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka karatasi ikilowa.