Swali la Lugha: Euronet na "Mtandao wa Takwimu"

Msomaji wa Morogoro amekuta katika makala moja kwamba Euronet, mtandao wa kompyuta uliounganisha nchi tisa za Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, ulikuwa "mtandao wa takwimu wa umma". Anauliza kama "umma" hapo maana yake ni bure.

La hasha. Uliitwa wa umma kwa sababu yeyote aliyekuwa tayari kulipa aliunganishwa kupitia mamlaka ya posta na simu ya nchi yake, na bei ilifuata muda na wingi wa data, si umbali. "Umma" halina kosa. Linaloniudhi ni jirani yake, "takwimu", lililotwaa nafasi ya "data" na ambalo msomaji amelipita kana kwamba limekaa mahali pake.

Takwimu, neno la Kiarabu ambalo Waarabu wenyewe hulitumia kwa kalenda, kwetu ni hesabu zilizokusanywa na kupangwa ili zieleze jambo: Sensa ya 2022 ilipotuambia kwamba Tanzania ina watu milioni 61.7, hiyo ni takwimu. Sasa mchukue mkemia wa Dublin mwaka 1980, anayetafuta makala katika hifadhidata iliyoko Frascati, karibu na Roma. Anachapa jina la asidi. Herufi zake zinapita laini ya simu, zinafungwa katika pakiti (vifurushi vidogo vya data) ambazo kwa kawaida hazikuzidi baiti 128, zinapokezanwa na vituo vikuu vya mtandao uliofuata X.25, utaratibu wa kupeleka data kwa pakiti uliokubaliwa kimataifa mwaka 1976, kisha jibu linarudi: kichwa cha makala, jina la mwandishi, aya mbili za muhtasari. Takwimu iko wapi hapo? Angechapa salamu za Krismasi, pakiti zingezibeba vilevile. Hata akikosea tahajia, kosa lake nalo ni data, na atalilipia.

Uzushi huohuo umeufuata mtandao wa pamoja wa Denmark, Ufini, Norwei na Uswidi, ingawa huo haukukata ujumbe katika pakiti bali ulimfungulia mteja njia yake mpaka amalize.

Watetezi wa "takwimu" hunijibu kwamba "data" ni neno la kigeni. Na takwimu je, ilizaliwa Pemba? Mbona hawasemi "hifadhitakwimu"? Mbona wakienda dukani hununua bando la data, na simu ikigoma huambiana "washa data", kisha wakishika kalamu tu wanavaa kanzu ya takwimu?

Andika "mtandao wa data wa umma". Ukitaka kusema "data hii" badala ya "data hizi", sema. Mimi hushika "hizi", lakini kwa hilo nimechoka kugombana na watu.