Fundi, nifunge alteneta ya ampia ngapi?

SWALI: Habari ya kazi fundi, mimi msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika. Gari yangu ni ya petroli, ilikuja na alteneta (ile jenereta ya gari inayozungushwa na injini) ya ampia 70, baadae nikaongeza taa mbili za mbele za wati 55 kila moja na amplifaya ya wati 500. Sasa usiku nikiwa kwenye foleni, besi ikipiga tu taa zinafifia halafu zinarudi. Jamaa mmoja kaniambia nifunge ya ampia 200 nimalize kazi, mwingine anasema hiyo itaniunguzia betri na kompyuta ya gari. Nimsikilize nani?

JIBU: Huyo wa pili muache. Alteneta haisukumi ampia, vifaa ndo vinavuta, kwa hiyo ukifunga ya 200 na gari inataka 60 itatoa hizo hizo 60 basi. Kinachounguza vitu ni volti kupanda, na kazi ya kuizuia isipande ni ya regyuleta, kile kifaa cha kudhibiti volti, ikishikilia kwenye volti 14 na kitu huna cha kuogopa. Ila na huyo wa 200 asikuingize gharama bure, tupige hesabu kwanza.

Wati gawa kwa volti unapata ampia. Taa kubwa mbili za 55 ni wati 110, gawa kwa 13.8, ampia 8. Za kuongeza nazo 8. Injini yenyewe, yaani pampu ya mafuta, nozeli, plagi na kompyuta, weka 18. Feni ya rejeta 15, feni ya AC 12, taa ndogo na waipa 8. Tayari 69, na hapo mziki bado haujawashwa! Amplifaya ya wati 500, kama ni zile za kisasa zisizopoteza umeme mwingi, inavuta kama wati 640, ampia 46, lakini mziki haupigi kwa nguvu zote muda wote, chukua theluthi moja, 15. Jumla 84, ongeza robo ya akiba unafika 105. Kwa hiyo tafuta ya 110 mpaka 120.

Sasa hapa ndo wengi wanapigwa. Ile namba iliyoandikwa kwenye lebo inapatikana alteneta ikizunguka kasi, kama mizunguko 6,000 kwa dakika, na wewe shida yako iko kwenye foleni, gari iko sailensi, hujakanyaga mafuta, injini inazunguka 750 na alteneta kwa ajili ya puli yake ndogo inafika 2,000 hivi, hapo ya ampia 120 inaweza kukupa nusu tu. Kwa hiyo ukienda kununua usiulize ina ampia ngapi ukaridhika, uliza inatoa ngapi gari ikiwa sailensi, kuna za 160 zinazidiwa hapo na za 120. Angalia pia braketi, soketi na idadi ya mifereji ya puli, na kama gari yako ni zile ambazo kompyuta ndo inaiamuru alteneta, chukua ya aina ile ile.

Kabla hujatoa hela lakini, chukua mita ya kupimia volti. Washa kila kitu, mziki juu, usikanyage mafuta, pima kwenye betri. Ikisoma chini ya volti 12.6 betri ndo inalisha gari, alteneta imeshazidiwa. Halafu waya mmoja wa mita gusa boliti kubwa nyuma ya alteneta na mwingine chanya ya betri, ikizidi volti 0.3 waya wako unakula umeme njiani. Upande wa athi, yaani upande wa hasi unaopita kwenye bodi, pima hivyo hivyo, bodi ya alteneta na hasi ya betri. Mimi niliwahi kumbadilishia mtu alteneta nzima, taa zikaendelea kufifia vile vile, kumbe waya wa athi wa injini umeota kutu ya kijani ndani ya plastiki, nje unang'aa. Niliona aibu sana siku ile. Na ukifunga kubwa, ule waya mkubwa na fyuzi yake navyo viongezwe saizi, na beliti iwe imekaza maana ikiteleza zile ampia hazifiki.

SWALI: Betri ikifa kabisa nikaishtua kwa gari ya jirani, si alteneta itaijaza nikitembea?

JIBU: Itajaribu, ila itatoa karibu uwezo wake wote muda mrefu ikiwa ya moto, na dayodi zake, zile zinazogeuza umeme wake uwe wa kuingia kwenye betri, hazipendi hivyo. Ipeleke kwenye chaja usiku mzima.