Kusamehe kuna hatua zake: kwa viongozi wapya wa jumuiya Mtwara na Lindi

Mwenyekiti mpya wa jumuiya hukabidhiwa daftari la michango, ratiba ya sala za nyumba kwa nyumba, na magomvi matatu manne ambayo mtangulizi wake ameyaacha yakitokota. Daftari na ratiba utavizoea ndani ya mwezi. Magomvi ndiyo kazi yenyewe. Haya yameandikwa kwa ajili yenu mnaoanza, iwe ni katika jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki au mitaa ya Kianglikana. Makanisa mengine mtabadilisha majina ya vyeo tu.

Jifunzeni kwanza kalenda, maana huku Kusini ugomvi una msimu wake. Kati ya Juni na Septemba watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho, na hapo ndipo zinapoanza lawama juu ya jirani asiyepuliza, ambaye ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, wa shamba lake unahamia kwa mwenzake. Kiangazi kikikolea huja moto: mtu anachoma majani akiandaa shamba, upepo unageuka, mikorosho ya jirani inaungua. Oktoba korosho zinaokotwa, mabibo yanakamuliwa, uraka, yaani pombe ya mabibo, unanyweka, na maneno yaliyofichwa tangu Pasaka yanatoka yote jioni moja. Minada ikishafanyika na fedha kuingia kwenye akaunti, ugomvi unahamia ndani ya nyumba: mume kapokea, mke hajaona. Kisha zinakuja mvua, chakula kinapungua ghalani, na mwenye shida anakimbilia kangomba, yaani anauza kwa bei ya kutupa korosho ambazo mti wenyewe haujachanua maua yake. Serikali imeipiga marufuku kangomba, lakini deni lake bado linaingia kanisani, na aliyekopesha na aliyekopa wanakaa benchi moja.

Kwa deni la namna hiyo ushauri wetu ni mmoja: yarudisheni mazungumzo kwenye fedha iliyotolewa, na magunia yaliyoahidiwa muyaweke kando. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini, na magunia mawili kwa mkopo wa bei ya nusu gunia ni riba hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Mkopeshaji atalalamika kwamba alisaidia wakati wa njaa. Kweli alisaidia, na fedha yake lazima irudi.

Sasa juu ya kuhukumu. Mathayo 7 inasomwa vibaya kwa namna mbili. Wako wanaotaja "msihukumu" ili kosa lisizungumzwe kabisa, hasa mkosaji akiwa mtu wa uwezo. Wako wanaoiruka wakaenda moja kwa moja kwenye kibanzi cha mwenzao. Mstari wa 5 unamaliza hivi: "ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi katika jicho la ndugu yako." Kibanzi kinatolewa. Kinachokatazwa ni kukitoa kwa jicho lililoziba.

Kwenye kikao kuna kipimo chepesi cha kutenganisha haya mawili. Sentensi inayotaja tendo, siku na mahali inaruhusiwa: "Jumamosi alichoma shamba bila kulima njia ya moto, moto ukavuka mpaka." Sentensi inayotaja asili ya mtu ni hukumu: "Yule ni mchoyo, na kwao ndivyo walivyo." Kila inapotokea ya pili, mkatize msemaji kwa upole na muulize, "Alifanya nini, na lini?" Uliza hivyo hata mara kumi. Maneno ya kuyawinda ni "siku zote", "kwao" na jina la kabila. Hapa wageni kutoka mikoa mingine wawe waangalifu, kwa sababu mtani ana ruhusa ya kusema msibani maneno ambayo kwa mtu mwingine yangekuwa matusi. Ulizeni nani ni mtani wa nani kabla hamjasuluhisha ugomvi ambao haupo.

Mathayo 18:15-17 inatoa ngazi: wewe na yeye peke yenu, kisha shahidi mmoja au wawili, kisha kanisa. Ngazi ya kwanza ndiyo inayorukwa mno. Mtu akikuletea malalamiko, swali lako la kwanza liwe, "Umemwambia mwenyewe?" Kama hajamwambia, mrudishe, isipokuwa pale anapoogopa kupigwa, au anayelalamikiwa ni mwenye nguvu juu yake, kama mwajiri au baba mkwe. Hapo usimpeleke peke yake. Na msiyapeleke malalamiko kwenye maombi ya pamoja. "Tumwombee ndugu yetu fulani ambaye siku hizi ameteleza" ni umbea uliofungwa kwa amina, na aliyetajwa atakuwa amezipata habari kabla chai haijaisha.

Kabla ya kuwakutanisha, nenda kwa kila mmoja peke yake, kwa kutumia muda ulio sawa. Ukikaa saa mbili kwa mmoja na dakika 20 kwa mwingine, kijiji kitahesabu. Uliza mambo matatu tu: kilichotokea, hasara iliyopatikana, na anachotaka kifanyike. Swali la tatu hufungua mengi. Mara nyingi anayepiga kelele za shilingi laki tatu anataka tu mwenzake aje nyumbani kwake, akae, aseme amekosa mbele ya watoto. Na mara nyingine anayesema "mimi nimeshasamehe, sitaki chochote" ndiye mwenye deni kubwa moyoni. Huyo msiharakishe kumpongeza.

Kwenye kikao watosha watu watano: wawili waliogombana, mashahidi wawili, na wewe. Wakifika saba panakuwa baraza, na watu huanza kusema ili wasikiwe na hadhira. Shahidi asiwe ndugu wa upande mmoja wala mtu anayedaiwa na mmojawao. Kaeni kwenye nyumba isiyo ya yeyote kati ya hao wawili. Kanisani hatupashauri: mbele ya altare watu hukubali lolote, wakitoka nje wanarudi pale pale. Muda uwe asubuhi. Jioni ya msimu wa mabibo hujui nani amepitia kwenye uraka, na mtu aliyekunywa nipa, ile pombe kali ya mabibo, hasuluhishwi, analindwa asianguke njiani arudi nyumbani salama.

Sala ya kufungua iwe fupi, na isiwe na mahubiri ndani yake. Ukiomba "Bwana, mwonyeshe mwenye kiburi kiburi chake", umeshatoa hukumu huku macho yakiwa yamefungwa. Kila mmoja aseme dakika kama 10 bila kukatizwa. Halafu hatua inayochosha kuliko zote: wa pili arudie alichosema wa kwanza, kwa maneno yake, mpaka wa kwanza akiri, "Ndivyo nilivyosema." Kisha wabadilishane. Mara ya kwanza karibu kila mtu hurudia vibaya. Anaingiza utetezi wake katikati. Mrudishe. Hatua hii ikifanyika sawasawa, nusu ya ugomvi huisha yenyewe, kwa kuwa wengi hupigania kusikika kuliko kulipwa.

Pande zote ziulizwe hasara, hata ule unaoonekana ndio wenye kosa. Anayesimulia Maji Maji kwa kutaja misheni za Lukuledi na Nyangao zilizoharibiwa mwaka 1905, na Askofu Cassian Spiss aliyeuawa karibu na Liwale mwaka huo huo, bila kutaja mashamba na maghala yaliyoteketezwa na jeshi la Wajerumani na njaa iliyofuata, amesimulia nusu, na wajukuu wa nusu nyingine watakaa kimya kanisani bila kukubaliana naye. Ugomvi wa mpaka wa shamba hauna tofauti na huo.

Kisha njooni kwenye deni, na hapa ndipo viongozi wengi wapya wanapokosea kwa sababu ya haraka. Wanasoma "saba mara sabini" wakamwambia aliyeumizwa afute kila kitu, wapeane mikono, wapige makofi. Soma mfano unaofuata hapo hapo kwenye Mathayo 18. Mtumwa alisamehewa talanta 10,000. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Deni lile ni siku za kazi milioni 60, deni ambalo hakuna mtu wa kulilipa. Mwenzake alidaiwa dinari 100. Hizo ni siku 100 za kupalilia shamba la mtu: nyingi. Yesu hakusema ni deni la kuchezea. Kosa la yule mtumwa lilikuwa kumkaba mwenzake koo na kumtupa gerezani wakati ameomba apewe muda. Kumpa muda ndio mlango wa kazi yenu.

Biblia yenyewe inajua kulipa. Hesabu 5:7 inataka mkosaji arudishe kilichopotea pamoja na sehemu ya tano juu yake. Zakayo katika Luka 19 aliahidi mara nne. Msizitumie hesabu hizo kama sheria ya jumuiya. Zitumieni kuonyesha kwamba toba ina mkono unaotoa. Tuseme moto umeunguza mikorosho sita ya jirani. Nendeni shambani, mhesabu miti pamoja na wote wawili, mtenganishe iliyokufa na iliyoungua matawi tu, maana mingine huchipua baada ya mvua. Kwa iliyokufa, muulizeni bwana shamba na jirani wa tatu mti wa umri ule hutoa kilo ngapi. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa kama mwaka wa tatu, kwa hiyo kurudisha mche peke yake hakulipi miaka ya katikati. Mwenye kosa anaweza kulipa kwa miche, kwa nguvu zake (kupalilia, kupuliza salfa msimu ujao), na kwa sehemu ya fedha za mnada. Mchanganyiko huo hutekelezeka kuliko fedha taslimu mwezi Machi, wakati hakuna mwenye nayo.

Andikeni. Karatasi moja yenye majina, kilichoharibika, kinachorudishwa, kwa awamu ngapi, na tarehe za mwisho, kwa nakala tatu zenye sahihi za mashahidi. Malipo ya korosho huchelewa, hivyo "akilipwa mnada" peke yake si tarehe. Wekeni na mwezi wa mwisho. Mkiona aibu kuandikiana kati ya wapendwa, someni Filemoni 18 na 19, ambapo Paulo anaandika kwa mkono wake kwamba atalipa deni la Onesimo. Kama mpaka wa ardhi umesogezwa, mkimaliza pelekeni makubaliano kwenye baraza la ardhi la kijiji, lile la wajumbe saba ambao watatu ni wanawake. Jumuiya haigawi ardhi.

Msamaha na dhamana ni vitu viwili. Mweka hazina aliyekula michango ya msiba akitubu anasamehewa, anapangiwa kulipa, anakaa kwenye mkeka na wenzake, sala ya nyumba kwa nyumba inafika kwake kwa zamu ile ile. Sanduku hapewi. Msimrudishie ili kuonyesha upendo. Mnamtia majaribuni, na safari ya pili jumuiya haitamwamini yeye wala ninyi.

Kuna mambo hayaletwi kwenye kikao cha watu watano kabisa. Mtoto aliyebakwa au kuchezewa, binti wa shule aliyepewa mimba, mke anayepigwa: hayo ni ya polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, na ya hospitali siku hiyo hiyo kabla ya kuoga wala kufua nguo. Kwa mtoto, namba 116 hupigwa bure. Ndugu watakuja na mbuzi na bahasha, watasema "tuyamalize kifamilia, sisi ni Wakristo." Kiongozi anayekaa kwenye kikao hicho anamsaidia mkosaji kutafuta mtoto mwingine. Na mama aliyevimba uso asisomewe saba mara sabini. Luka 17:3 inasema akikosa mwonye, akitubu msamehe, kabla ya yote inasema, "Jilindeni." Kwanza apate mahali salama pa kulala. Mengine yatafuata kwa mwendo wake yeye, hata ikichukua miaka.

Uchawi nao: tuhuma ya uchawi haisikilizwi wala haipimwi. Rudini kwenye kifo au ugonjwa uliosababisha tuhuma, mkae na wafiwa, na mtuhumiwa, ambaye mara nyingi ni bibi anayeishi peke yake, atembelewe mchana kweupe na watu wanaoheshimika ili wote waone.

Kuhusu majirani Waislamu, ambao katika familia nyingi za Lindi na Mtwara ni shangazi na binamu zenu, Paulo amelimaliza katika 1 Wakorintho 5:12: walio nje si wa kuhukumiwa nasi. Kwa vitendo ni mambo madogo. Nyama ya shughuli ichinjwe na Mwislamu ili wote wale sufuria moja, kikao kisiwekwe Ijumaa mchana wala saa ya futari, na shahidi Mwislamu mwenye busara asikataliwe kwa dini yake.

Msiulize mtu aliungama nini kwa padre, wala padre msimwulize.

Akikataa yote? Mathayo 18, mstari wa 17, inasema awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru, na wengi huuona kama ruhusa ya kumtenga. Injili hiyo imeitwa kwa jina la mtoza ushuru, ambaye Yesu alikwenda kula nyumbani kwake. Kwa hiyo mkataaji aondolewe kwenye uongozi kama alikuwa nao, na makubaliano yaliyokwama yapelekwe ngazi ya kijiji. Salamu hazikatwi. Mtoto wake anaendelea na mafundisho ya kipaimara. Akifiwa, mnachimba kaburi, mnabeba maji, mnachanga kiasi kile kile mnachomchangia mwingine, na mwenyekiti anahakikisha hakuna mtu anayepitisha daftari akinong'ona, "Huyu si ndiye yule?"