Tumlaumu Rais au serikali nzima?

Barua nyingi za wiki hii zimeuliza jambo moja kwa namna tofauti: nchi ikiyumba, nani abebe lawama? Nimechagua tano.

Swali: Kila likiharibika jambo tunaambiwa Rais ana nia njema ila anaangushwa na wasaidizi wake. Ni kweli?

Jibu: Yapo mazingira ambapo ni kweli. Waziri anaweza kuficha taarifa, mkurugenzi anaweza kupika hesabu. Lakini siikubali kauli hiyo igeuzwe kinga. Katiba ya Tanzania ya 1977 na sheria zilizo chini yake zinampa Rais uwezo wa kuteua mawaziri, makatibu wakuu, wakuu wa mikoa na wa wilaya, hata wakurugenzi wa halmashauri, na wa kutengua pia. Ibara ya 37 inasema halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale anapotakiwa na Katiba au sheria. Mwenye madaraka mapana hivyo hawezi kuwa na lawama kiduchu. Akiteua asiyefaa, huenda alidanganywa. Akimhamishia wizara nyingine baada ya kuboronga ile ya kwanza, hapo aulizwe yeye.

Swali: Mbona basi wanaong'oka ni mawaziri tu?

Jibu: Ndivyo mfumo ulivyo. Kwa Ibara ya 53, mawaziri chini ya Waziri Mkuu wanawajibika kwa pamoja bungeni. Bunge linaweza kumwondoa Waziri Mkuu kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Kumwondoa Rais kunahitaji mashtaka rasmi na theluthi mbili ya wabunge wote.

Kumbuka Februari 2008. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilichunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond wa mwaka 2006. Edward Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu, na baraza zima likavunjika, wakiwemo mawaziri ambao hawakuwahi kuugusa mkataba ule. Desemba 2013, baada ya Bunge kupokea taarifa ya raia walioteswa na kuuawa katika Operesheni Tokomeza, msako wa majangili, mawaziri wanne waliondoka siku moja. Hawakutuhumiwa kutesa kwa mikono yao, ila vyombo vilivyotesa vilikuwa chini ya baadhi yao. Mzee Ali Hassan Mwinyi alishafanya hivyo miaka ya 1970: aliachia Wizara ya Mambo ya Ndani kwa sababu ya vifo vya mahabusu mkoani Shinyanga, ingawa hakuua mtu. Mwaka 1985 akawa Rais. Hakupungukiwa heshima hata chembe.

Kinachoniuma ni kwamba tunaridhika mapema. Waziri akishaondoka tunashangilia, halafu hakuna anayeuliza tena kama fedha zimerudi au kama familia za marehemu zimefidiwa.

Swali: Pampu ya maji kijijini kwetu ni mbovu mwezi wa tatu sasa. Hili nalo ni la Rais?

Jibu: Anza karibu, ndugu yangu. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, tangu 2019, na ipo ofisi ya wilaya. Hapo kijijini kuna chombo cha jamii kinachokusanya fedha za maji. Nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji uulize mbele ya watu: zimekusanywa kiasi gani, nani anatia saini kuzitoa, fundi aliitwa lini? Taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa kuwa wazi kwa wanakijiji, kwa hiyo usiridhike na majibu ya mdomo. Wakikwambia "tumeshaandika wilayani," omba nakala ya barua, utazame tarehe na muhuri wa kupokelewa. Kama imepokelewa na haijajibiwa, deni limehamia wilayani, na unamjua wa kumfuata. Ukiruka moja kwa moja kwa Rais, wote hawa wanapumua.

Swali: Vita vya nje vikipandisha bei ya mafuta, serikali ina kosa gani?

Jibu: Kwa vita, hakuna. Iulizwe kwa kilicho mkononi mwake, yaani kodi na tozo kwenye kila lita. Mwaka 2022, bei zilipopaa baada ya Urusi kuivamia Ukraine, serikali yetu ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni. Kumbe lilikuwepo la kufanya.

Swali: Mbunge wetu kila mkutano anailaumu serikali, na sisi tunampigia makofi. Tunakosea?

Jibu: Mmemwacha apite bure. Kuisimamia serikali ndiyo kazi mliyompa. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inawasilishwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufika bungeni Aprili, kwa hiyo hoja za ukaguzi za halmashauri yenu anazo. Yeye pia ni diwani katika halmashauri hiyo. Na bajeti ya serikali haipiti kwa minong'ono: kila mbunge huitwa kwa jina na kutamka kura yake, na yote huandikwa kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Mkutano ujao, kabla hajaanza kulaumu, mwambieni awasomee alijibu nini Juni jina lake lilipoitwa, na kwa nini.