Soko la kripto la ng'ambo lina ruhusa ya kumhudumia mkazi wa Nairobi?

Ndugu aliyeuliza anaishi hapa Nairobi. Amefungua akaunti katika soko la kripto (sarafu za kidijitali) lililosajiliwa ng'ambo, kitambulisho chake kimekubaliwa, anauza USDT, yaani sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, na kulipwa kwa M-Pesa, na sasa anataka kujua kama soko hilo linaruhusiwa kisheria kumhudumia mkazi wa Kenya. Waliotangulia kumjibu wamegawanyika. Baadhi wanasema kwamba maadamu Kenya haimo katika orodha ya nchi zilizozuiwa na soko lenyewe, hakuna tatizo. Wengine wanashikilia kwamba Benki Kuu ilipiga kripto marufuku tangu 2015. Sikubaliani na upande wowote. Mimi ni mhasibu, baadhi ya wateja wangu wa nje hunilipa kwa USDT, na kwa sababu hiyo nimelazimika kuzisoma sheria hizi na masharti ya masoko hayo kuliko ambavyo ningependa.

Tuanze na hilo la 2015, kwa kuwa ndilo linalorudiwa zaidi. Tangazo la Benki Kuu la Desemba mwaka huo liliwaonya wananchi kwamba bitcoin si fedha halali ya Kenya, kwamba haisimamiwi na mtu yeyote, na kwamba atakayepoteza pesa zake humo hatakuwa na wa kumlilia. Benki nazo zilipewa waraka wa kuzitahadharisha zisijihusishe na biashara hiyo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwananchi kumiliki bitcoin ni kosa la jinai. Kilichobanwa kilikuwa mlango ambamo kripto hugeuzwa kuwa shilingi, na mlango huo ulionekana wazi katika kesi ya Lipisha, kampuni ya kupitisha malipo, na BitPesa, iliyobadilisha bitcoin kuwa shilingi, dhidi ya Safaricom, yenye M-Pesa, mwaka huohuo: Safaricom ilikuwa imeikatia Lipisha huduma, ikisema kwamba BitPesa haikuwa na idhini ya Benki Kuu, na Mahakama Kuu ikakataa kutoa amri ya muda ya kuirejesha.

Kwa takriban miaka kumi tuliishi katika hali hiyo, ambapo masoko ya nje yalituhudumia bila ruhusa kwa kuwa hapakuwa na ofisi ya kuombea ruhusa. Hali hiyo imekwisha. Sheria ya Watoa Huduma wa Mali ya Kidijitali ilitiwa saini na Rais tarehe 15 Oktoba 2025 na ikaanza kutumika tarehe 4 Novemba 2025. Usimamizi umegawanywa kati ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, yaani CMA, na masoko ya kubadilishana kripto yameangukia upande wa CMA. Sheria inamtaka kila anayefanya biashara hii ndani ya Kenya, au akiwa Kenya, awe na leseni; kampuni ya kigeni haikufungiwa nje, ila ni lazima iwe imesajiliwa hapa chini ya Sheria ya Kampuni na iwe na ofisi ya kweli nchini. Sheria ilipoanza kutumika, wasimamizi hao wawili walitoa tangazo la pamoja wakisema kwamba hawakuwa wamempa mtu yeyote leseni chini yake. Kwa hiyo ukiona tangazo la siku zile lililojinadi kuwa "tumeidhinishwa Kenya", ulikuwa uongo mtupu.

Hapo ndipo jibu langu lilipo: programu kufunguka kwenye simu yako na kukubali kitambulisho chako hakuthibitishi chochote kuhusu leseni. Duka la Mtaa wa River Road linaweza kufunguliwa kila asubuhi na kujaa wateja ilhali mwenyewe hajawahi kuikanyaga ofisi ya kaunti kuomba kibali. Orodha ya nchi zilizozuiwa huandikwa na mawakili wa soko lenyewe kwa kupima ni nchi gani itawaletea taabu, wala haiandikwi na nchi hizo.

Ukitaka kujua unafanya biashara na nani, usisome ukurasa wa mbele. Nenda mwisho kabisa kwenye masharti ya matumizi, utafute jina la kampuni inayosema "sisi". Katika soko moja nililolitumia, ukurasa wa mbele ulikuwa na bei za shilingi na alama ya kijani ya M-Pesa, lakini masharti yalisema kwamba mkazi wa nchi yoyote isiyotajwa mahususi anafunga mkataba na kampuni ya Shelisheli, kwamba mgogoro wowote utaamuliwa na wasuluhishi Hong Kong, kwa Kiingereza, na kwamba soko linaweza kuifunga akaunti wakati wowote bila kueleza sababu. Niliwaandikia nikauliza ni chombo gani cha serikali kinachowasimamia kuhusu wateja wa Kenya. Jibu lilikuja upesi, lilikuwa la adabu, na halikutaja chombo chochote. Nikaacha kuweka akiba humo.

Kuna hoja nyingine inayotolewa na masoko haya: kwamba wao wako nje, ni mteja ndiye aliyewafuata. Hoja hiyo si upuuzi. Sheria ya Umoja wa Ulaya iitwayo MiCA, ambayo imetumika kikamilifu tangu tarehe 30 Desemba 2024, inairuhusu kwa masharti makali, yaani mteja awe amejipeleka kwa hiari yake mwenyewe pasipo kuvutwa. Lakini soko linaloweka shilingi kama sarafu ya kuuzia, likaweka M-Pesa kama njia ya malipo, na likawatuma mawakala kugawa fulana vyuoni, litasemaje kwamba halikumvuta mtu? Kwa maoni yangu, hilo linafanya biashara ndani ya Kenya hata kama seva zake ziko mwezini.

Nchi nyingine zimekwisha kuvuka hapo. BitMEX, soko la kripto lililosajiliwa Shelisheli, ilishtakiwa Marekani mwezi Oktoba 2020 kwa kuwahudumia Wamarekani bila usajili, na waanzilishi wake wakakiri makosa 2022. Binance, soko jingine kubwa la kripto, ilikiri makosa mwezi Novemba 2023 na kukubali kulipa zaidi ya dola bilioni 4.3; sehemu ya kesi hiyo ilihusu namna ilivyoendelea kuwashikilia wateja wakubwa wa Marekani huku ikidai hadharani kwamba imewazuia. India iliyapelekea masoko tisa ya nje notisi mwezi Desemba 2023, na mwezi uliofuata programu zao zikaondolewa kwenye maduka ya Apple na Google huko. Katika visa hivi vyote lawama ililiangukia soko na wakubwa wake, si mwananchi aliyefungua akaunti, ingawa huko India ni mwananchi aliyeamka asubuhi akiitafuta programu asiione.

Anayeuliza leseni ina faida gani kwake aitazame FTX, soko jingine la kripto. Ilifilisika Novemba 2022. Wateja wa tawi lake la Japani, nchi ambayo sheria yake ilitaka mali ya wateja itengwe na ya kampuni, waliruhusiwa kuanza kutoa mali zao Februari 2023. Wateja wa soko kuu la kimataifa, ambamo ndimo Wakenya wangekuwa, walisubiri mpaka 2025 ndipo malipo ya kwanza yakaanza kutoka, tena yakikokotolewa kwa bei za Novemba 2022, wakati bitcoin ilikuwa chini kabisa.

Kuhusu kodi, mmoja wa waliotangulia kujibu amesema kwamba serikali haiwezi kutoza kodi kitu haramu, kwa hiyo masoko yote ni halali. Hoja hiyo haisimami. Kodi ya asilimia 3 ya mali za kidijitali ilianza Septemba 2023, zaidi ya miaka miwili kabla ya sheria ya leseni kuanza, na ikafutwa na Sheria ya Fedha ya 2025 iliyoweka badala yake ushuru wa asilimia 10 juu ya ada zinazotozwa na watoa huduma. KRA, mamlaka ya kodi, hudai chake palipo na mapato au ada. Kazi ya kutoa leseni si yake.

Msisahau pia kwamba sheria itakayolifungia soko si lazima iwe ya fedha. Wengi wetu tunakumbuka foleni za jumba la mikutano la KICC mwaka 2023, watu wakipigwa picha za mboni za macho ili wapewe sarafu za Worldcoin. Serikali iliisimamisha shughuli ile mwezi Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe, kwa msingi wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Sasa nirudi kwa muulizaji mwenyewe. Wajibu wa kuwa na leseni ni wa soko, si wako. Sheria inamlenga mtoa huduma, na sioni unachovunja kwa kuuza USDT zako. Hatari yako iko kwingine, hasa kwenye P2P, yaani kuuziana moja kwa moja mtu na mtu, kwa sababu shilingi unazopokea hazitoki kwa soko bali kwa mtu usiyemjua. Wakati mmoja mnunuzi alikuwa na jina moja kwenye soko, ujumbe wa M-Pesa ukaingia na jina jingine kabisa. Akaniandikia kwamba ile ilikuwa simu ya shemeji yake na nisimcheleweshe. Nilirudisha pesa kwa namba iliyozituma, nikafuta oda, na sikuachilia USDT hata moja. Pesa za namna hiyo mara nyingi zimetoka kwa mtu aliyetapeliwa. Akiripoti, laini au akaunti inayosimamishwa ni ya aliyezipokea, na soko lisilo na ofisi hapa halitakupa hata barua ya kumwonyesha mpelelezi kwamba uliuza kitu halali.

Kwa hiyo weka nakala za oda, mazungumzo na jumbe za M-Pesa nje ya programu, kwa sababu akaunti ikifungwa navyo hupotea. Usitumie VPN (programu inayoficha nchi uliyomo) wala anwani ya nchi nyingine kulipita zuio. Ukifanya hivyo utakuwa umelipatia soko sababu ya kuzuia salio lako, na sababu hiyo itakuwa imetoka mkononi mwako. Na kabla ya kuweka kiasi kikubwa, chukua jina la kampuni kama lilivyo kwenye masharti, si jina la biashara lililo kwenye nembo, uwaandikie CMA uwaulize kama kampuni yenye jina hilo ina leseni au imeomba. Jina likitofautiana hata kidogo na lile utakaloambiwa, chukulia kwamba ni kampuni nyingine.