Bagi ya wazi kwenye barabara ndefu: iandae hivi kabla hujatoka

Bagi ya mchangani (dune buggy, ile gari ndogo ya wazi isiyo na milango) ukiiweka kwenye lami siku nzima inakuwa gari nyingine kabisa. Mchangani unacheza saa moja mbili, unazima, injini inapoa, unaenda kula. Barabarani injini inakaa kwenye mzunguko uleule masaa manne matano mfululizo, jua linakupiga, upepo unakupiga, kila nati inatikisika, na hivyo ndo vinavyoua hizi safari kuliko mchanga wenyewe. Mimi naishi San Diego, California, na bagi yangu ni bodi ya faiba (fiberglass) juu ya chasisi ya Volkswagen Beetle, injini 1600 ya kupozwa na hewa, kwa hiyo nayosema hapa ni ya gari za namna hiyo, kama yako ni hizi za kisasa zenye redieta mengine hayatakuhusu.

Kuna watu watakwambia hizi ni gari za kuchezea ufukweni tu. Sio kweli wakuu. Bruce Meyers alitengeneza bagi ya faiba inayoitwa Meyers Manx, ya kwanza huko Newport Beach, California, mwaka 1964, baadae ikaja ya kukaa juu ya chasisi ya Beetle iliyokatwa kama sentimita 36, na mwaka 1967 yeye na Ted Mangels wakatoka La Paz mpaka Tijuana, yaani karibu rasi yote ya Baja California kule Mexico, kwa masaa 34 na dakika 45, wakati huo kule hakuna lami ya maana, manake Highway 1 ya Baja ilikuja kukamilika 1973. Na sisi watu wa nyumbani tukumbuke Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, mafuriko na matope ya Afrika Mashariki yote hayo, na injini ni ya ukoo huohuo. Gari inaweza. Inachotaka ni maandalizi.

Anza na petroli. Kabla ya taa, kabla ya siti, kabla ya kitu chochote, toa mipira yote ya petroli kuanzia kwenye tangi mpaka kabureta uweke mipya, hata kama iliyopo inaonekana mizima. Petroli nyingi ya Marekani ina ethanoli mpaka asilimia 10 na ethanoli inakula mpira wa kizamani kwa ndani, nje unaona safi kumbe ndani umeshalainika. Nunua mpira ulioandikwa 30R9, funga klipu kila mwisho, usiseme huu umekaza wenyewe. Afu angalia kile kibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta, kimebanwa tu pale hakina nati, kikilegea kinachomoka na petroli inamwagika juu ya injini ya moto karibu kabisa na distributa inayotoa cheche. Ukikishika kikacheza usisafiri. Na filta ya petroli watu wanapenda kuining'iniza pale juu ya injini ili ionekane vizuri, itoe, iweke mbele karibu na tangi au chini kabla ya injini. Nasisitiza sana hili kwa sababu kasha la injini ya Beetle ni aloi ya magnesiamu, ikishika moto sawasawa maji hayasaidii, yanazidisha. Mtungi wa kuzimia moto wa poda uwe pale mkono unapofika ukiwa umefunga mkanda, na abiria wako aonyeshwe jinsi ya kuutumia kabla hamjatoka.

Sasa joto, na hapa nitakaa kidogo maana ndo roho ya safari yenyewe. Injini hii haina maji, inapozwa na feni inayosukuma hewa kwenye silinda na oili, na ile hewa inaelekezwa na mabati yaliyozunguka injini. Tatizo ni kwamba kwenye bagi injini iko nje watu wote wanaiona, kwa hiyo wengi wanatoa mabati ili ipendeze, wanabakisha kromu tu. Ukitoa mabati ya chini na ya pembeni, hewa ya moto iliyotoka kwenye silinda na eksozi inapanda juu feni inaivuta tena, unapoza injini kwa hewa iliyokwisha chemka. Ukizunguka mtaani hutaona kitu. Ukipanda Interstate 8 kutoka San Diego kwenda El Centro, ile barabara inapita zaidi ya mita 1,200 kwenda juu afu inashuka mpaka chini ya usawa wa bahari kwenye jangwa ambalo kiangazi linapita nyuzi 40, hapo utajua mabati yana kazi gani. Rudisha yote, hata ya junkyard (yadi ya magari mabovu) yaliyopinda, nyoosha, paka rangi, funga na kila skrubu yake.

Weka geji ya joto la oili. Kama una hela ya geji moja tu, nunua hiyo. Ikikaa kati ya nyuzi 80 na 110 tulia endesha, ikianza kuitafuta 120 punguza mwendo, ikizidi simama pembeni. Na usiikabe injini kwenye mlima, watu wanadhani gia ya nne ndo inaipumzisha kumbe kinyume chake, feni inazunguka pamoja na injini, injini ikizunguka taratibu huku imebeba mzigo feni nayo inasukuma hewa kidogo. Rudi gia ya tatu, acha ilie. Oili yenyewe ni lita 2 na nusu tu, ni kidogo sana, kwa hiyo kila ukijaza petroli unavuta stiki unaangalia. Valvu ziseti injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku mzima, nafasi iwe 0.15 mm, kabla ya kutoka. Kama injini yako ni ya kabla ya 1971 angalia sana silinda namba tatu, kwenye hizo kipoza oili kimekaa kwenye njia ya hewa yake na ndo inaungua ya kwanza.

Taa nyekundu ya chaji ikiwaka unaendesha, simama hapohapo, usisubiri exit, usisubiri kituo cha petroli. Fenibelti ndo inazungusha jenereta na feni pia, kwa hiyo ikikatika hujapoteza umeme tu, umepoteza upoaji wote. Beba fenibelti mbili, spana ya 21 na bisibisi bapa nene ya kuzuia puli, na uwe umeshaibadilisha mwenyewe nyumbani kivulini kabla hujalazimika kuibadilisha pembeni ya malori.

Umeme wa gari ya faiba una jambo lake ambalo mafundi wengi wa gari za kawaida hawalifikirii. Bodi ya chuma inapitisha arthi, faiba haipitishi, kwa hiyo kila taa, kila geji, honi, vyote vinataka waya wake wa arthi mpaka kwenye chasisi. Taa ikiwa inafifia ukikanyaga breki au indiketa inawaka upande mmoja ovyo, tisini kwa mia ni arthi, usibadilishe balbu. Waya zinapopita kwenye tundu la faiba vika mpira maana ile faiba inakereza waya polepole kama msumeno. Na taa za nyuma za bagi ziko chini na ndogo, dereva wa lori hakuoni kirahisi, mimi nimefunga taa za LED za ziada juu kwenye rolba (lile bomba la kukukinga gari ikipinduka) na nawasha hata mchana.

Nati zote zitalegea. Kaza, weka nati zenye naironi ndani, afu chora mstari wa rangi nyeupe kuanzia kwenye nati mpaka kwenye chuma, asubuhi ukipita na tochi ukaona mstari umekatika unajua imezunguka. Hii ni njia rahisi kuliko zote na inakuokoa muda. Nati kubwa ya 36 ya ekseli ya nyuma inataka nguvu kama Nm 294, sio ya kukaza kwa mkono na kukisia, ikilegea inakula meno ya dramu ya breki na hapo safari imekwisha. Bodi pale inapofungwa kwenye chasisi weka washa pana na mpira katikati, la sivyo faiba inapasuka kwenye matundu.

Kuhusu mzigo, bagi ni nyepesi mbele na nyuma imebeba injini, na chasisi iliyokatwa inafanya ipepesuke ukipigwa na upepo wa ubavu. Ukienda barabara kuu ya 395 kuelekea Lone Pine na Bishop, hukuhuku California, lile bonde la Owens lina upepo wa kukushangaza, unakuta unashika usukani kwa nguvu masaa mawili mpaka mabega yanauma. Weka vitu vizito mbele na chini: zana, maji, spea. Nyuma weka nguo na godoro la kulalia. Usifunge begi kubwa juu ya injini, linaziba hewa na linaweza kuungua. Presha ya matairi iwe chini kuliko gari ya kawaida sababu gari haina uzito, ukijaza kama sedan inadunda barabarani na breki za mbele zinabana tairi linateleza.

Haya, sasa wewe mwenyewe. Watu wanaandaa gari wiki nzima wanasahau dereva. Kwenye gari ya wazi upepo unakausha jasho kabla hujalihisi, unadhani uko poa kumbe maji yanaisha mwilini, unakuja kushtuka kichwa kinagonga. Kunywa kabla ya kiu, kila unaposimama, na changanya na chumvichumvi kidogo. Vaa mikono mirefu, jua la pembeni linaunguza mkono mmoja na sikio moja siku nzima. Mimi natumia kikoi nilicholetewa kutoka Tanga, nakilowesha nakifunga shingoni mpaka juu ya pua, kwenye joto la jangwa hakuna kitu nimewahi kununua hapa kinachokifikia, na jioni kikikauka unajifunika. Miwani iwe ya kuziba pembeni, kokoto za malori hazina adabu. Na masikio jamani, viziba masikio vya sponji vya bei rahisi, kelele ya upepo na eksozi inachosha ubongo kuliko hata joto, nilipoanza kuvaa hivyo nikawa nafika jioni nikiwa na akili ya kuongea na watu. Beba na jaketi nene, jangwani jua likizama baridi inakuja haraka sana.

Kwa sababu hiyo usipange kilomita nyingi. Kwenye gari ya kawaida kilomita 700 kwa siku ni sawa, kwenye bagi panga 300 mpaka 400, mwendo wa 90 hivi, na simama kila saa. Weka na muda wa watu, kila kituo cha petroli atakuja mtu aanze kukwambia mjomba wake alikuwa nayo, mara nyingi ni mazungumzo mazuri na mara nyingine ndo mtu anayemjua fundi wa karibu, usimkimbie.

Gari haina milango wala kufuli, kwa hiyo boksi la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye sakafu, kufuli nzuri, ndani yake pasipoti na zana. Swichi ya siri ya kukata umeme. Gesti chukua chumba cha chini ambacho gari inakaa mbele ya dirisha lako. Nguo zote kwenye mifuko isiyopitisha maji, hata kama utabiri unasema hakuna mvua, na toboa matundu ya kutolea maji sakafuni kama hayapo.

Spea nazobeba: fenibelti, kebo ya klachi na ya ekseleta maana hizo zikikatika ndo basi, pointi na kondensa, rota, plagi, mpira wa petroli mita moja na klipu, lita mbili za oili, fyuzi, waya, tepu, fila (kipimo cha nafasi) ya kuseti valvu na gasketi za vifuniko vyake. Inatosha. Usibebe duka.

Kabla ya safari kubwa toka asubuhi zunguka kilomita 150 karibu na kwenu, rudi, acha ipoe, kaza kila kitu upya, angalia chini panapovuja. Unayoyaona siku hiyo ndo yangekusimamisha siku ya pili ya safari.

Na kama unaelekea Baja, kata bima ya Mexico kabla ya mpaka, bima yako ya Marekani kule haitambuliki kwenye madhara kwa wengine. Ukifika El Rosario jaza tangi na jaza dumu, hata kama tangi lina zaidi ya nusu, kuanzia hapo mpaka karibu na Guerrero Negro ni zaidi ya kilomita 300 za jangwa, na pale Cataviña katikati kuna watu wanauza petroli ya kwenye mapipa pembeni ya barabara, ukiinunua chuja kwa faneli yenye wavu laini na ubebe filta ya ziada.