Aliomba kwenda chooni kila niliposali

Swali lenu la wiki hii ni kama mwalimu wa shule ya serikali aruhusiwe kuonyesha dini yake mbele ya wanafunzi. Mimi ni Mkatoliki, nafundisha hesabu shule za msingi za serikali mkoani Morogoro, mwaka wa 24 sasa, na jibu nililonalo leo silo nililoanza nalo kazi.

Zamani kipindi changu cha asubuhi kilianza kwa sala. Watoto wanasimama, wanafumba macho, tunapiga ishara ya msalaba, kisha madaftari yanafunguliwa. Karibu nusu ya darasa walikuwa Waislamu. Hakuna aliyenung'unika, nami nikadhani kimya chao ni ridhaa.

Mwaka mmoja darasa la saba lilikuwa na binti hodari sana wa hesabu. Kila nikisema "tusimame tusali", mkono juu: "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Nilimwona mtegaji tu, siku moja nikamkatalia. Alibaki amesimama, macho kwenye ubao, mikono ameibana nyuma, machozi yanamtiririka bila sauti. Jioni baba yake akaja ofisini. Alinisalimu vizuri, akaulizia nyumbani kwangu, ndipo akasema: "Mwalimu, mtoto wangu anakupenda. Ndiyo maana hawezi kukwambia."

Sijasahau neno hilo. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya 1977 inasema kutangaza dini na kufanya ibada ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Miaka yote niliisoma hiari hiyo kama yangu. Lakini mtoto ana hiari gani mbele ya mtu mwenye chaki, kalamu nyekundu na, tuseme kweli, fimbo?

Mtu ataniambia mbona kila asubuhi mstarini tunaimba "Mungu ibariki Afrika". Ni kweli, na hata hapo mahakama zetu zimeshasema. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa shuleni kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Ikiwa mtoto halazimiki kuimba wimbo wa nchi yake kinyume cha imani yake, sala yangu mimi atalazimikaje?

Huko Marekani mambo yamekwenda kwingine. Joseph Kennedy, kocha msaidizi wa sekondari ya umma mjini Bremerton, jimbo la Washington, alikuwa akipiga magoti katikati ya uwanja kila mechi ikiisha, na wachezaji wakawa wanajiunga naye. Juni 2022 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo ilimpa haki, majaji 6 kwa 3. Naheshimu imani ya kocha yule. Lakini katika kesi hiyohiyo imo habari ya mzazi aliyeeleza kuwa mwanawe, asiyeamini Mungu, alijiunga kwa kuhofia kwamba asipofanya hivyo hatapangwa sana kucheza. Niliposoma hapo nikamwona binti yangu wa darasa la saba, na nikawa upande wa wale majaji watatu.

Sisemi mwalimu ajifiche. Mwenzangu wa Kiswahili anavaa hijabu, na mwalimu wetu wa sayansi Ijumaa mchana yuko msikitini; kipindi chake nakishika mimi, naye hunishikia changu siku ya Jumatano ya Majivu nikichelewa kutoka misa. Naingia darasani na majivu kwenye paji la uso, watoto wanauliza, nawaeleza ni nini, tunaendelea na hesabu za sehemu. Hijabu wala majivu havimtaki mtoto afanye lolote. Ibada ya pamoja ina mahali pake kwenye ratiba, kipindi cha dini, ambapo katekista na ustaadhi wanakuja na kila mmoja anakaa na watoto wake. (Wasio wa huku wala kule huachwa wakizurura uwanjani, au wapewe ufagio. Hilo linaniudhi kila wiki, na wakuu wa shule walitazame.)

Kusali sijaacha. Nafika saa kumi na mbili na nusu, darasa likiwa tupu, kabla mwalimu wa zamu hajagongesha kengele. Kila dawati najua nani anakaa. Nayapitia moja moja nikiwaombea kwa majina, Waislamu na Wakristo, na hakuna anayelazimika kusimama.